Waliombeba Mwanangu

Mwanangu alianza kuumwa kabla hajaweza kukaa. Viganja vilivimba, kisha nyayo, na macho yakawa na rangi ya njano. Alilia kilio ambacho titi halikukinyamazisha. Wakwe zangu walisema ni mambo ya ukoo, akachanjwa chale, lakini chale hazikusaidia. Alipofika umri wa kukimbia na wenzake, alikimbia siku chache, halafu alilala siku nyingi ameshika magoti. Ndipo mimi na baba yake tulipompeleka hospitali ya misheni. Daktari, Mzungu mzee, akamtoa damu, akaitazama, akatuambia bila kuzunguka.

"Damu yake iliumbwa hivi. Dawa ya kuibadili hatuna. Asipigwe na baridi, anywe maji mengi, na akizidiwa mleteni upesi."

Ninamshukuru daktari yule mpaka leo, maana hakutudanganya. Wengine walitudanganya kwa huruma, na huruma yao ilitugharimu mbuzi. Lakini lile neno lake la mwisho, mleteni, lilikuwa zito kuliko alivyojua. Kutoka kwetu, juu ya Kanoni, mpaka hospitalini ulikuwa mwendo wa kutwa, na njia haikukaa tambarare muda mrefu: ukimaliza kupanda unashuka, ukimaliza kushuka unapanda. Gari hatukuwa nalo, wala baiskeli isingeweza kumchukua mtoto anayelia akiguswa. Mgonjwa asiyeweza kutembea alibebwa na watu.

Kubeba wagonjwa kwetu hakukuwa hisani ya mtu mmoja mmoja. Kila kilima kilikuwa na chama chake cha machela. Machela yenyewe tuliiita engozi, jina lile lile la ngozi ambayo bibi zetu walibebea watoto mgongoni. Ilikuwa kitanda cha fito na kamba kilichofungwa kwenye miti miwili mirefu. Wanaume wanne waliingia chini yake, wengine walifuata nyuma ili kupokezana. Kila nyumba ilitoa mwanamume mmoja, naye aliitwa bega la nyumba hiyo. Pembe ikilia, bega huacha jembe, huacha pombe, huenda. Nyumba yenye bega, wagonjwa wake walibebwa. Nyumba isiyo na bega haikubebewa mtu. Watu wa kilima chetu walisamehe mengi, ulevi, uvivu, hata mkungu wa ndizi ulioibwa, lakini hilo hawakulisamehe. Nami siwalaumu. Bila ukali ule kila mtu angebaki na jembe lake.

Baba wa mtoto alikuwa bega zuri. Hakuwa mtu wa maneno, lakini pembe haikulia mara ya pili kabla hajatoka mlangoni. Ndiyo maana mtoto wetu alipozidiwa, walikuja haraka.

Mimi nilikuwa mpishi wa shule ya bweni ya wasichana ya masista, karibu na kilima chetu. Niliajiriwa kwa sababu niliweza kusoma kidogo, jambo nililojifunza katika darasa la ubatizo, na kwa sababu mpishi wa kwanza alikuwa ameolewa mbali. Kazi ilianza kabla ya kengele ya sala ya asubuhi na kwisha vyombo vya jioni vilipokauka. Asubuhi uji wa mtama. Mchana ndizi na maharage, na jioni ndizi na maharage tena, ila siku za sikukuu. Kumenya ndizi za wasichana wote wale si jambo la mtu mmoja. Nilikuwa na wasaidizi wawili, mabinti wa jirani, na mikono yetu sote watatu ilikuwa myeusi kwa utomvu mwaka mzima, hata siku ya Pasaka.

Mtoto nilimpeleka jikoni kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumwachia aliyeweza kuvumilia kilio chake. Nilimbeba mgongoni hata alipokuwa mkubwa kiasi cha watu kucheka njiani. Sista aliyesimamia jikoni, mwanamke mwembamba, mwepesi wa kuona uchafu, alimkuta siku ya kwanza kwenye rundo la kuni.

"Jikoni si wodi," akasema.

"Ndiyo, Sista. Lakini nyumbani kuna baridi, na hapa kuna moto."

Aliondoka, nami nikaendelea kukoroga huku nikiwaza kwamba kesho nitakuwa sina kazi. Kesho yake alileta blanketi la kijivu, akalitupa juu ya kuni.

"Akae upande huu. Asikaribie sufuria." Wala hakulitaja tena neno hilo kwa miaka yote niliyofanya kazi pale.

Basi kazi yangu na ugonjwa wa mwanangu vikakaa chumba kimoja. Nilipopitisha majani ya mgomba motoni ili yalainike ya kufunikia chakula, nilichukua mawili zaidi nikamfunga magotini yakiwa na moto wake. Maji ya kunywa nilimwekea katika kibuyu, na hakupata chakula mpaka kibuyu kimekwisha. Siku alizokuwa na nafuu alichambua maharage, akitoa vijiwe kwa vidole vyembamba kuliko vya wasichana. Siku alizoumwa alijikunja chini ya blanketi akauma pindo lake, nami nikapakua chakula, nikahesabiwa vijiko, nikasikiliza maneno ya Sista kuhusu chumvi. Nitasema kweli: ziko saa nilizofurahi kwamba maharage yanachemka kwa kelele.

Maziwa ya shule yaliletwa na mfugaji mmoja kutoka bondeni, upande wa Nyakakika, ambako nyasi ni nyingi na migomba ni michache. Alikuwa mrefu sana. Kuingia jikoni ilimbidi ainame kama mtu anayeingia kwenye banda la mbuzi, na kila asubuhi tulikuwa na ugomvi wetu, maana watu wake wanaamini kwamba maziwa yakichemshwa, chuchu za ng'ombe hukauka.

"Jana mliyapika tena maziwa yangu?"

"Niliyapika. Sista anataka yachemke."

"Huyo Sista wako ana ng'ombe?"

"Hana."

"Basi ajue, Bihogo akikauka nitakuja kulala hapa mlangoni, na mtanilisha."

"Njoo. Utamenya ndizi."

"Mimi? Nimenye ndizi?" Akacheka mpaka akagonga kichwa kwenye boriti. Bihogo alikuwa ng'ombe wake mwekundu wa giza, aliyempenda kuliko wote.

Alipokuwa akisubiri vibuyu vyake vioshwe, alikuwa na tabia ya kuwasifu ng'ombe wake kwa sauti ya chini, kwa Kinyambo, haraka haraka bila kupumua, kama wafugaji wanavyofanya. Sisi wakulima tulizisikia sifa hizo tangu utotoni na hatukuzitia maanani. Mwanangu hakuwa na jambo jingine la kusikiliza. Asubuhi moja mfugaji alikatisha sifa za Bihogo ili akohoe, na kutoka chini ya blanketi sauti ndogo ikaendelea pale alipoachia: ndiye avunjaye umande kwa pembe, ndiye asiyesukumwa mtoni, ndiye ambaye wageni humuuliza kabla ya kuuliza njia.

Mfugaji alisimama na kinywa wazi.

"Nani amemfundisha huyu?"

"Wewe," nikasema. "Kila siku."

Akachuchumaa karibu na kuni. "Na Gaju? Gaju unamjua?" Mtoto akamsifu na Gaju. Siku hiyo mfugaji alichelewa kuondoka mpaka jua likawa kali, na tangu siku hiyo alipoingia jikoni alimsalimu mtoto kwanza, mimi baadaye.

Mwaka uliofuata baba wa mtoto alishikwa na kichomi. Hakuchukua muda. Walimbeba wenzake wa chama, na walimrudisha wenyewe, nikamzika nyuma ya nyumba kwenye migomba. Nilimlilia kwa namna yangu, ambayo si ya sauti. Siku ya kumaliza matanga watu walikaa uani wakanywa rubisi, pombe ya ndizi, na mzee mkuu wa chama cha machela, mtu mwenye haki lakini mgumu, akasimama kama desturi inavyomtaka.

"Bega la nyumba hii limelala," akasema. "Nani ataliamsha?"

Watu wakatazama chini. Shemeji yangu aliyekuwa karibu alikuwa akiishi Kituntu, bega la kilima kingine. Ndugu mwingine hapakuwa.

"Nina mwana wa kiume," nikasema.

"Ndiye mgonjwa mwenyewe, mama."

"Atakua."

"Akikua atabeba. Kabla ya hapo nani atambeba yeye?" Hakusema kwa ukatili. Aliuliza kwa sababu lilikuwa swali. "Tutasubiri mpaka kahawa ivunwe. Mkileta mtu, vema. Msipoleta, msitulaumu pembe ikilia bila sisi kuja."

Nilikwenda kazini kesho yake. Mpishi hana matanga marefu. Wasichana walinionea huruma, wakanyamaza walipokula, na ule unyamavu ulinichosha kuliko kelele zao. Niliwaza jambo moja tu: mvua za vuli zitakuja, baridi itashuka kutoka vilimani, naye ataumwa, na miguu yangu ndiyo itakayompeleka. Nilijipima. Kumbeba mpaka kanisani niliweza. Kumbeba mwendo wa kutwa, akilia kila nikikanyaga jiwe, nilijua siwezi.

Sikumwambia mtu. Aliyesema ni mtoto. Mfugaji alimuuliza kama magoti yako salama, naye akajibu kama mtu mzima anayetoa habari za shamba.

"Leo ni mazima. Lakini nikiumwa tena nitakaa tu hapa. Sisi hatuna bega."

"Hamna bega vipi?"

"Baba alikuwa ndiye bega. Amekufa. Sasa hatubebwi."

Mfugaji alinitazama. Nikaendelea kumenya. Akachukua vibuyu vyake, akasahau kulalamika juu ya maziwa.

Siku ya mkutano wa chama, kahawa ilipokuwa imekwisha kuanikwa, nilikwenda nikakaa pembeni na wanawake wengine kwa sababu habari yangu ilikuwa iamuliwe. Mfugaji akaingia uani na mdogo wake, mrefu kama yeye, ambaye alionekana ameburutwa. Watu wakasogea kuwapa nafasi huku wakishangaa. Wafugaji hawakuwa katika chama chetu. Walikuwa na watu wao wa kubebana, na ilijulikana kilima kizima kwamba mfugaji habebi mzigo begani: fimbo ndiyo mzigo wake.

"Nimekuja kusimama mahali pa yule marehemu," akasema. "Na huyu mdogo wangu, kwa sababu peke yangu nitainamisha machela upande mmoja."

Uani pakalipuka kicheko.

"Mti wa machela hauchungwi, bwana, unabebwa!"

"Mwacheni abebe, ataimba njia nzima mgonjwa apone kwa kuchoka!"

"Miguu hiyo? Tutamtafutia mgonjwa mrefu kama yeye!"

Mzee mkuu akainua mkono. "Bega hutoka katika nyumba. Wewe ni nani katika nyumba ile?"

"Mtoto wa nyumba ile anawajua ng'ombe wangu kwa sifa zao. Wanangu wenyewe hawawajui hivyo. Kwa hiyo sijui kama mtoto huyo ni wenu au ni wangu, waitu, ndugu zangu. Niambieni nyinyi."

"Na wewe ukiugua, tukushukie bondeni?"

"Kwani mtaniacha nilale nyasini?"

"Tutakuacha," mtu mmoja akasema, "mpaka ng'ombe wako watukubali." Wakacheka tena, lakini mzee hakucheka. Alisema wawajaribu kwanza. Safari ya kwanza wakishindwa, nyumba yangu imetoka. Nikarudi nyumbani bila kujua kama nishukuru au niogope, maana tumaini la mwanangu lilikuwa sasa liko juu ya watu wawili ambao hawakuwahi kubeba hata mtungi.

Mgonjwa wa kwanza aliyepatikana alikuwa mke wa mzee mkuu mwenyewe. Aliteleza kisimani akavunja mfupa wa paja. Sikuwapo, nilikuwa na sufuria zangu, lakini habari ile nilisimuliwa na kila mtu mara nyingi mpaka nikawa kama niliyekuwapo. Mwanzo wa njia ni tambarare. Wale ndugu wawili waliwekwa nyuma, na kwa urefu wao machela ikalala kuelekea mbele, mama wa watu akawa anateleza taratibu kuwaangukia wabebaji wa mbele.

"Mnanimwaga!" akapiga kelele. "Mnanimwaga kama pombe iliyochacha!"

Wabebaji wa mbele walitukana wafugaji na ukoo wao wa nyuma. Wakasema wakifika chini ya kilima watawatoa. Lakini walipofika kilima kikaanza papo hapo, na katika ubishi hakuna aliyebadilisha nafasi. Wakapanda. Wa mbele wakiwa juu na wa nyuma wakiwa chini, ule urefu ukajaza pengo la mteremko, na machela ikakaa sawa kama meza. Mgonjwa akanyamaza. Akanyamaza kabisa. Walipofika katikati, mmoja akasema, jamani, amekata roho. Wakasimama, wakachungulia.

"Mbona mmesimama?" mama yule akauliza. "Sasa ndiyo nilikuwa nimepata usingizi."

Hapo ndipo walipoelewa jambo ambalo chama kile, tangu babu zao, hakikuwahi kulifikiri, kwa sababu wakulima wa kilima kile wote ni wafupi sawasawa. Wakipanda, warefu wawe nyuma. Wakishuka, warefu wawe mbele. Tambarare wapumzike. Katika kupanda, wagonjwa wetu walikuwa wamezoea kwenda vichwa juu, miguu chini, wakishikilia miti kwa mikono ili wasiporomoke, na tulidhani ndiyo adhabu ya kuishi vilimani. Mke wa mzee mkuu alituma neno kutoka hospitalini kwamba siku ya kumrudisha, wale warefu wasikose. Mumewe hakuitisha mkutano mwingine. Alipita jikoni kwangu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akasimama mlangoni.

"Shikamoo, baba," nikasema.

"Marahaba. Bega lenu liko macho," akasema, akaenda zake.

Mvua za vuli zilikuja na baridi yake, na senene wakaanza kuruka. Wasichana walitoka mbio kuwakamata, mwanangu akataka kwenda nao, akaenda, akalowa. Kabla ya chakula cha mchana alikuwa hawezi kuguswa. Kifua kilimbana. Mmoja wa wale mabinti akakimbia kupeleka habari, na nikasikia pembe ikilia kutoka kilimani kwetu. Nilisimama na mwiko mkononi. Chakula cha shule nzima kilikuwa motoni, ndizi bado ngumu.

Sista aliingia, akamtazama mtoto, akanitazama. Akakunja mikono ya gauni lake.

"Nenda."

"Sista, ndizi za jioni hazijamenywa."

"Nimesema nenda. Ndizi si mtoto wako."

Baadaye wasichana waliniambia kwamba alimenya ndizi zile mwenyewe pamoja nao, kwa kisu cha mezani, akizichonga kama viazi mpaka zikabaki kidogo kama vidole, na mikono yake ikawa myeusi wiki nzima hata kanisani. Walikula kidogo siku hiyo, wala hakuna aliyenung'unika.

Nilitembea nyuma ya machela na mzigo wa nguo na kibuyu cha maji. Walipoanza kupanda, wale ndugu wawili walirudi nyuma bila kuambiwa. Mwanangu alikuwa amefumba macho. Mfugaji akaanza kumsifu Bihogo kwa sauti ya chini, akihema, akiruka maneno kwa sababu ya mzigo. Mtoto akafumbua macho.

"Umeruka pale pa mtoni," akasema.

"Paseme wewe, basi, mimi nimebeba."

Wabebaji wa mbele wakacheka huku wakihema. Alifika hai. Alikaa hospitali siku kadhaa, akarudi jikoni kwenye blanketi lake, nami nikarudi kwenye sufuria zangu.

Hivyo ndivyo tulivyoishi, na haikuwa mara moja wala mbili. Aliumwa, akabebwa, akapona kwa kiasi chake, akaumwa. Nilifanya kazi siku zote ambazo hakuwa hospitalini. Wasichana walimfundisha kusoma kwa mkaa kwenye sakafu. Alirefuka kidogo, hakunenepa. Wakati mwingine watu huniuliza nilivumiliaje, nami sijui jibu jingine zaidi ya kwamba sikuvumilia peke yangu. Palikuwa na mtu wa kumenya, palikuwa na mtu wa kubeba, palikuwa na moto. Nimeona mama waliokuwa na watoto wazima lakini hawakuwa na hayo.

Alipokaribia umri wa kubalehe, kiangazi, wakati wa kuvuna kahawa, alizidiwa kwa namna nyingine. Hakulia. Hilo lilinitisha. Walimbeba, tukafika kabla jua halijazama. Daktari yule mzee alikuwa amekwisha kurudi kwao, na huyu mpya alimsikiliza kifua muda mrefu, akaniomba nikae karibu na mtoto. Kesho yake, jua likiwa limepanda, nilikuwa namnywesha maji kwa kijiko. Alimeza kimoja. Cha pili hakukimeza. Nilimfuta mdomo. Sitaandika zaidi juu ya saa ile.

Nilitoka nje kumtafuta mtu wa kuniambia makaburi ya misheni yako wapi. Nilikuwa nimekwisha kuamua kwamba atazikwa pale. Desturi ya chama ni kwamba wabebaji wakishafikisha mgonjwa hurudi siku ile ile au asubuhi sana, na huja tena wakiitwa. Kuwaita kungechukua kutwa, kuja kutwa nyingine, na kila mmoja alikuwa na kahawa yake inayoanguka chini. Nilizunguka nyumba ya wagonjwa, nikawakuta wote wamekaa kando ya ua wa michongoma, mfugaji na mdogo wake na wale wengine, na machela imeegemezwa.

"Mbona hamkurudi?" nikauliza.

Mfugaji akasimama. Mmoja wa wakulima akasema, "Tulimwona uso jana, mama." Ndipo nilipojua kwamba walijua kabla yangu.

Tulimfunga kwa shuka la hospitali na juu yake blanketi la kijivu. Wakambeba. Walipanda kilima cha kwanza, warefu wakiwa nyuma, ingawa hapakuwa tena na mtu wa kumwagika. Nilikuwa natembea nyuma yao, na kwa kuwa macho yangu yalikataa kutazama juu, yalitazama miguu. Niliona miguu ya wanaume wale ikitetemeka. Nikafahamu kwamba hawakuwa wamekula tangu jana asubuhi. Chakula cha wabebaji hutolewa na nyumba ya mgonjwa, na nyumba ya mgonjwa ilikuwa mimi, na mimi nilikuwa na mtoto. Wangekufa njiani kabla ya kumwomba mfiwa chakula.

Kati ya vilima viwili pana tambarare na nyumba ya bibi mmoja ambaye hatukumfahamu. Walitua machela kivulini. Nikaingia kwa bibi yule, nikamsalimu, nikamwambia nimefiwa na ninaomba sufuria, ndizi na moto. Alinitazama kama anayemtazama mwenye kichaa.

"Mwanangu, mfiwa hawashi moto. Nitapika mimi."

"Asante, bibi. Wewe nisaidie kumenya."

Wanaume walipoona moshi na kuniona mimi nimeinama penye mafiga, mmoja akaja mbio. "Dada, acha. Si desturi. Tutakula nyumbani, majirani watakuwa wamepika."

"Nyumbani majirani watapika," nikasema. "Hapa ni njiani, na mpishi ni mimi."

Akataka kusema tena, lakini mfugaji akamshika mkono. Nilipika ndizi na maharage ya bibi yule, nikatia chumvi, nikafunika kwa majani mpaka zikaiva vizuri, sikuharakisha. Nilipakua juu ya jani la mgomba, nikawawekea karibu na machela, maana mwanangu hakuwa mtu wa kutengwa na watu waliokula. Walikaa. Kwanza walikula kwa aibu, kisha kwa njaa. Mdogo wake mfugaji aliomba aongezewe, nikamwongezea. Hakuna aliyeniambia pole wakati ule, nami nilishukuru kwa hilo pia.

Walipomaliza walinawa kwa maji ya bibi. Kilima cha pili kilikuwa mbele yetu. Wakainama, wakaingia chini ya miti, wakamwinua mwanangu, tukaanza kupanda.